Siku Niliyompima Fundi Kimya

Chumba cha pili, Nyumba ya Mshona Viatu,
Nyuma ya gereji ya malori.
Jumapili, tarehe 14, saa kumi alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu tele zikukute umetoka zamu, umevua vile viatu vya hospitali, na umeinua miguu juu ya kitu. Hujambo? Mgongo unasemaje? Chakula unakula, au bado unajidanganya na chai na biskuti? Usinijibu kwa neno moja kama unavyowajibu wagonjwa. Nijibu kwa kirefu, karatasi haigombi.

Sisi huku tu wazima. Mama mzima, goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto linasahau ugomvi. Wifi yako mzima na amenenepa, ila hilo nimekatazwa kulisema, kwa hiyo hukulisikia kwangu. Watoto wako wanamuulizia shangazi yao kila Jumamosi. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele na anataka ujue kwamba alilia kidogo sana, nami niliyemshika miguu nakuambia mtaa mzima ulitoka nje. Mimi ndiyo usiniulize. Chuma hakiugui.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva mwenzangu. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Umeniambia wazee wa upande wa Fundi Kimya wanakuja kwa Mama mwisho wa mwezi kutaka jibu la posa, na wewe jibu huna. Kwamba ulipokuja likizo ulikaa naye karakanani alasiri nne, wewe ukasema maneno elfu moja na yeye arobaini, na hayo arobaini mengi yalikuwa majina ya mbao. Kwamba unamwona mpole, lakini mtu mpole na mtu asiyejali wakiwa mbali hufanana. Ukaniomba mimi ninayeishi naye mtaa mmoja nikuambie ni mtu wa namna gani. Halafu chini kabisa ukaandika: "Safari hii niambie kweli, kaka."

Hayo maneno mawili, "safari hii," nimeyaona. Nitayafikia. Niache kwanza nianzie stesheni.

Unajua msimamo wangu: mtu humjui kwa kunywa naye chai, unamjua kwa kusafiri naye, na usafiri wenyewe uwe wa shida. Nikamwambia Fundi kwamba Jumamosi twende ule mji mkubwa wa ng'ambo ya mto, kwa treni ya daraja la tatu, begi mgongoni, tule vya bei rahisi, tutembee kwa miguu, tuone yote ya kuonwa, na jioni turudi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mji ule nimepita na lori mara arobaini, hata paka wake wananisalimia. Akafikiri kwa muda wa kuchemsha maji, akasema sawa.

Mimi nilibeba begi la kijeshi la kuazima, na ndani yake redio, kitana, kioo na shati la pili la kupigia picha. Yeye alibeba begi alilojishonea mwenyewe kwa kitambaa cha makochi, kishikizo chake cha mti. Ndani mna mkate, mayai manane ya kuchemsha, maji, futi ya kupimia, kisu, na misumari imefungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza misumari ya nini kwenye matembezi. Akasema huwezi kujua.

Sasa sikia ujanja wa kaka yako. Nilimtegea mitego mitatu: wa njaa, wa uchovu na wa hasira. Nilijiambia mwanamume akiipita yote, basi huyo hata mama mkwe atamvumilia.

Mtego wa njaa niliufyatua mapema. Fundi alipogeuka kutazama nje ya dirisha, nikala mayai sita. Nilikula kwa ajili yako, mdogo wangu, na mawili ya mwisho yalikuwa kazi ngumu. Alipogeuka akaona yamebaki mawili. Akamenya moja, jingine akanisukumia. Hakuuliza wenzao wamekwenda wapi. Nikamkodolea macho nione kama amenuna, kumbe ameinama anachungulia jinsi benchi la treni lilivyounganishwa.

Tukashuka. Nikageuka kushoto kwa hatua za mwenye mji. Na sasa nikuambie siri ambayo wifi yako asiisikie: mji ule mimi ninaoujua ni geti la maegesho ya malori, mizani ya kupimia mizigo na dirisha moja la kuuzia chai. Kutoka stesheni sikujua hata jua linachomozea wapi. Tulizunguka kutafuta makumbusho mpaka nikaanza kuwachukia watu wenye mbwa, maana kila tulipopita kwa mbwa yule yule alituangalia kama wageni wapya.

Mwisho nikaliona jengo kubwa, ngazi pana, milango miwili iko wazi. Ndani mna vitanda vya nguzo nne, vioo virefu kuliko watu, saa za ukutani, na katikati kiti kikubwa chenye kitambaa chekundu na miguu ya kuchongwa. Hakuna aliyetuuliza tiketi. Nikamwambia Fundi sura yangu inajulikana.

Basi nikaanza kumweleza. Kile kiti, nikasema, wamekikalia wafalme watatu, na wa tatu hakushuka kwa hiari. Kitanda kile malkia alilala siku arobaini akimsubiri mume aliyekwenda vitani. Akina mama wawili wenye vikapu wakasogea kusikiliza, na nyuma yao mzee mwenye mwavuli. Unanijua mimi na wasikilizaji. Saa ya ukutani nikaipa vita vyake. Kioo nikakipa wivu na sumu. Mama mmoja akafuta machozi kwa ajili ya yule malkia. Fundi alikuwa nyuma yetu, mikono mgongoni. Nilimwona ameinama mara moja chini ya kiti cha mfalme, akainuka, akaendelea kusikiliza kwa adabu kama wengine.

Mara akatokea mwanamume wa aproni, chaki sikioni, anabandika namba kwenye vitu. Akasema, "Mabwana, mnanunua au mnatembea? Mnada unaanza saa tano."

Mdogo wangu, nimewahi kukwama matopeni siku tatu na shehena ya saruji, lakini sijawahi kukwama vile. Wale akina mama walinitazama. Mzee aliegemea mwavuli wake akasubiri. Mdomo wangu, mali yangu pekee ya urithi, ukakauka.

Fundi, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefikisha maneno kumi, akasema polepole, "Tunaangalia kwanza. Mwenzangu hapendi kununua kitu kabla hajawaza nani alikikalia."

Mzee akacheka akasema na yeye ndivyo alivyo. Mama wa machozi akasema kitanda kile sasa anakitaka kweli. Dalali akanishukuru. Nikatoka mle heshima yangu iko kichwani kama kofia, wala haijapinda.

Tulipofika kona nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu kwenye kiti cha mfalme. Chini kina skurubu mpya, na kitambaa bado kina alama za chaki ya fundi. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Na ningekuambia vipi, mbele ya watu?"

Nikaliweka hilo moyoni, tukaendelea.

Sasa kasoro, maana umesema kweli. Kutembea naye ni adhabu. Mtego wa uchovu niliomtegea ulininasa mimi. Kila mlango wa zamani anausimamia, anapapasa bawaba, anagonga mbao kwa kidole kama daktari anavyogonga kifua. Mtaa mmoja tuliumaliza kwa muda ambao lori langu linamaliza milima miwili. Darajani wenzetu wote walikuwa wanatazama maji, yeye anatazama daraja kwa chini. Bustanini nilimwonyesha maua, akauliza benchi ni la mti gani. Ukiolewa naye na mkaalikwa harusini, toka nyumbani siku moja kabla.

Chakula cha mchana tulikipata kwenye kibanda cha mama mmoja mpishi kando ya ukuta wa reli, supu ya maharage na mkate, na samaki wa kukaanga mmoja wa kugawana. Supu ilikuwa supu, nakuambia, ya kumfanya mtu amkumbuke bibi yake. Nimeinamisha kichwa bakulini, nainua, namwona Fundi ameacha kula. Anamtazama yule mama. Mama alikuwa anakatia vitunguu kwenye meza fupi, na kila akimaliza kimoja anajinyoosha, mkono kiunoni, anavuta pumzi, anainama tena.

Akamuuliza kama meza ile ni yake. Mama akasema aliirithi kwa mwenye kibanda wa kwanza, alikuwa mfupi. Fundi akamwomba asimame wima, akunje kiwiko. Akapima kutoka sakafuni mpaka kiwiko, akatoka nje, akarudi na vipande vya mbao za makreti na msumeno wa kuazima. Nikajua tumekwisha.

Saa nzima, Chiriku. Samaki amebaki mgongo. Mnara wa saa tuliopanga kuupanda unafungwa saa kumi, na treni haina mjomba. Hapo nikaona ndiyo nafasi ya mtego wa hasira, ila nisikufiche, nusu ya hasira ilikuwa yangu halali. Nikamwambia tumekuja kutalii, hatukuja kurekebisha meza za watu tusiowajua. Nikamwambia yeye ni kama punda, akiona mzigo anausogelea mwenyewe. Nilisema mbele ya wateja, kwa sauti. Hakunijibu. Akapiga msumari wa mwisho, akaitikisa meza, akanawa mikono. Mama akarudi kwenye meza yake, akakata kitunguu kizima akiwa amesimama wima, akakitazama kama amekatiwa na mtu mwingine. Akasema tu, "Mwanangu." Kisha akatujazia bakuli upya, na pesa ya bakuli hilo akaikataa.

Tukatoka, na Fundi hakusema neno. Hakusema sokoni, hakusema barabarani, hakusema kwenye foleni ya mnara. Saa mbili nzima. Nilimrushia vichekesho vyangu vizuri, hata kile cha afisa forodha na mbuzi, vikaanguka chini kama mawe. Nikajiambia: hapana. Dada yangu, ambaye asipoongea anaumwa kichwa, atakauka kwenye nyumba ya namna hii. Barua nilikuwa nimeshaimaliza kichwani, nayo ilikuwa fupi.

Tukapanda mnara. Ngazi mia mbili na kitu. Nilizihesabu mpaka mia na kumi, kisha nikaanza kuhesabu dhambi zangu. Juu kuna upepo na kijukwaa kidogo chenye kizuizi cha chuma. Tulikuwa wawili tu. Mji wote uko chini, mabati na miti na moshi wa jikoni. Fundi akashika kizuizi akaniambia anajua nimetumwa.

Nikamuuliza amejuaje.

"Mayai," akasema. "Wewe huwa unakula manne."

Nikacheka, nikadhani yamekwisha. Nikamwita shemeji. Akaniambia nisimwite hivyo kabla wewe mwenyewe hujasema. Nikamuuliza kama kule kwa mama mpishi alikasirika. Akasema alikasirika sana, na kwamba akikasirika huwa anasubiri maneno yapoe yasije yakaunguza mtu. Anajua ni kasoro, akasema, maana watu hudhani amewatupa. Hata marehemu mama yake alikuwa akimlalamikia. Akaniomba hilo nisilisahau nikikuandikia.

Mimi, kwa moyo mkunjufu, nikampiga begani. Nikamwambia aniachie mimi, nitamwandika vizuri mpaka dada yangu apande gari kesho yake.

Akatikisa kichwa. Yafuatayo nakuandikia kama yalivyotoka, sijaongeza wala kupunguza.

"Yule mwingine pia ulimsifu vizuri," akasema. "Ulimkosea dada yako, ndugu yangu, na hujamwomba radhi. Nimekusikia kijiweni ukisimulia habari ile mara tatu, na kila mara unaifanya kichekesho. Mwandikie ulichokiona tu. Usinipige msasa, wala vanishi. Mbao ikipigwa vanishi kabla haijakauka, huozea ndani."

Nilitaka kumjibu. Mimi ninayo maneno, mdogo wangu, ninayo ya lugha nne na ya mizani zote za barabarani. Siku hiyo hata moja halikuja. Nikashuka ngazi mbele yake nimeshika ukuta.

Basi nimeyafikia yale maneno yako mawili.

Yule Tabasamu niliyekuletea akuchumbie nilimjua siku mbili. Siku mbili tu, kwenye foleni ya mpakani, tukisubiri mihuri. Alicheka vichekesho vyangu vyote, hata vibovu, nikaona huyu ndiye mtu. Nikaja nikasimama mbele ya Mama, mkono kifuani, nikaapa kwamba namjua nje ndani. Wewe ulikubali si kwa sababu yake, ulikubali kwa sababu mimi ni kaka yako mkubwa na nilikuwa nimeapa. Ukamsubiri miaka miwili. Siku mke wake alipokuja mlangoni na watoto wawili, mmoja mgongoni, wewe ndiye uliyemkaribisha ndani ukamtengenezea chai. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona nikitazama viatu vyangu. Uliosha vikombe, ukavipanga, ukaenda kulala. Hukuniambia neno siku ile, wala baadaye. Nami nikachukulia kwamba kwa kuwa hukusema, hakuna deni. Nikaifanya hadithi ya kijiweni, maana watu wakicheka hunisaidia nisisikie vikombe vile.

Kumbe mimi miji naijua kwa geti, na watu nawajua kwa vicheko. Na juu ya hayo nikaapa.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilikukosea. Sina la kuongeza hapo, na wewe unajua ni mara chache mimi kukosa la kuongeza.

Mama nimemwomba radhi leo asubuhi. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akaniagiza nimsogezee maji. Nilipomsogezea alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyoshika bakuli.

Sasa ushahidi wangu, bila vanishi.

Nimemwona ni mzito wa miguu na anachosha njiani. Nimemwona akikasirika ananyamaza, na kimya chake ni kirefu na ni baridi, usidanganyike. Anatafuna kila punje kama anaihoji. Kwenye treni ya kurudi alilala akakoroma mpaka abiria wa upande wa pili akahama na mizigo yake. Nimemwona pia mbele za watu akinisitiri, na tulipokuwa wawili akaniambia lililo kweli. Nimewajua wengi wanaofanya kinyume chake, na mimi nikiwa mmoja wao. Nimemwona akiona mgongo wa mtu unauma kabla mwenyewe hajasema.

Sijamwona akiwa mgonjwa. Sijamwona akiwa na watoto kwa siku nzima. Sijamwona kwao, mbele ya baba yake. Haya sijui, na hilo neno "sijui" limenitoa jasho kuliko zile ngazi.

Muulize mwenyewe unachotaka kujua. Ukishauliza, usimjazie kimya kwa maneno yako. Hesabu mpaka ishirini, unywe maji, hesabu tena. Atajibu.

Ukikubali, usikubali kwa ajili yangu. Ukikataa, usikatae kwa ajili yangu. Nimekwisha kuwa na sauti katika jambo hili mara moja na ilizidi. Nikikutana naye asubuhi nitamsalimia vilevile, hilo tumekwisha kulimaliza, yeye kwa maneno mawili na mimi kwa mia. Na wazee wao wakija kabla hujawa tayari, nitawakaribisha, nitawapa viti na maji, nitawaambia dada yangu bado anafikiri. Watakaa hapo mpaka umalize kufikiri.

Nisalimie shangazi mkubwa hapo mjini kwenu, umwambie dawa yake ya kuchua imefika na Mama anaitumia. Nisalimie binamu yetu mpishi wa hoteli, na yule mwenzako wa chumbani anayesema nina sauti ya redio. Mwambie redio inamsalimu. Wifi yako anakutumia kanga mbili kwa huyuhuyu dereva. Mama anasema ulale mapema.

Mungu akulinde unapokwenda zamu na unaporudi, akupe mgongo wa kusimama wima na moyo mtulivu wa kuchagua. Lolote utakalochagua, mlango wa hapa hauna bawaba ya kukufungia nje.

Wako akupendaye, na akuombaye radhi,

Kaka yako.